Migomba ya Shule

Siwezi kumtazama meneja wa kampuni ya maparachichi bila kukunja uso. Yeye hajui kwa nini, hana hata habari.

Shule yetu, huku Suma, ilikuwa na shamba la migomba nyuma ya madarasa. Halikupandwa na serikali wala mfadhili. Kila mzazi aliyeandikisha mtoto darasa la kwanza alileta chipukizi la mgomba, akalichimbia shimo mwenyewe. Ndizi zile ndizo zilikuwa chakula cha mchana. Mimi nimetokea Dodoma, kuzimenya sikujua; wanafunzi walinifundisha huku wakinicheka.

Meneja akaja na fulana, bango na miche ya parachichi. Migomba yetu akaiita pori. Miti yake ikizaa, alisema, shule itajilisha yenyewe. Nikamuuliza itazaa lini.

"Mwalimu, tufikirie mbele," akasema, akitazama simu yake.

Tukakata migomba. Nasema tukakata kwa sababu nami nilishika panga, na wimbo wa kumshukuru niliwafundisha mimi. Kwenye picha ya siku ile natabasamu kama mjinga.

Huu ni mwaka wa pili. Miche inanifika kiunoni. Watoto wanaotoka mbali wanashinda na njaa, na saa nane mchana nusu ya darasa langu wamelaza vichwa juu ya madawati. Meneja huja kukagua miche. Jikoni hajawahi kuchungulia. Mgomba nao haufi kirahisi, unachipua palepale ulipokatwa. Basi kila Ijumaa wanafunzi wanang'oa machipukizi, kwa agizo lake, eti yanaharibu shamba la mfano.

Ijumaa iliyopita bibi wa mwanafunzi wangu alitukuta katikati ya kazi hiyo. Aliokota chipukizi moja, akalipangusa udongo kwa khanga.

"Hili langu. Nilipanda hapa, siku ile naleta mjukuu. Mnatupa?"

Nikamwambia ni agizo la kampuni.

"Na mjukuu wangu leo kala nini?"

Nilimchukia meneja kuliko siku zote kwa kutokuwapo pale.

"Ndaga, mwalimu," akasema, shukrani ileile aliyonipa siku mtoto alipojua kusoma. Akaondoka na chipukizi lake.

Mjukuu alibaki mbele yangu, jembe mkononi, akisubiri niseme neno. Nikamwambia aendelee kung'oa.