Kamera ya Macho Mawili na Futi ya Cherehani

Orodha yangu ya kukagua kamera ilikuwa na mambo tisa. Nilipoifungua mbele ya mfanyabiashara wa vitu vikuukuu pale Busia, upande wa Kenya, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Mwalimu, unanunua kamera ama unaoa?"

Nilikuwa na sababu ya kuwa makini. Mhariri wa gazeti moja la Kampala alikuwa ameniandikia kwamba anatafuta mtu wa kumpelekea habari za mpakani, na kwamba tuko wawili anaotufikiria: mimi na karani mmoja wa Malaba. Angeamua kwa picha. Kila mmoja atume mkanda mmoja, picha kumi na mbili za soko la Busia, kabla mwezi haujaisha. Karani alikuwa na kamera. Mimi nilikuwa na miaka minane ya kufundisha hesabu Mukuju, na hamu ya kuacha chaki ambayo aliyeijua ni mke wangu tu.

Mezani palikuwa na kamera tatu za macho mawili, mali ya Wazungu waliouza vyombo vyao na kuondoka. Kamera ya namna hii unaishika tumboni, ukainama kutazama kioo kilicho juu yake. Jicho la juu ni la kuonea. La chini ndilo linalopiga picha. Ya kwanza ilikuwa imeota ukungu ndani ya lenzi. Ya pili, mlango wa nyuma haukubana. Ya tatu ilifaulu mambo manane. La tisa lilikuwa kilango kinachofunguka kupitisha nuru: kwenye kasi ndogo kilifunguka, kikasita, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Imelala tu hiyo," akasema muuzaji. "Ukiitumia itaamka."

Nilijua si kweli. Nikainunua.

Fundi pekee niliyemjua alikuwa fundi wa saa wa Tororo, mzee mwenye kofia nyeupe na kioo cha kukuzia kilichobanwa jichoni. Nilimwomba jambo moja: asafishe kilango kwa petroli, asitie mafuta.

"Mwalimu," akasema, "mimi natengeneza saa tangu wewe nanyonya."

Baada ya siku tatu kilango kilikuwa kinalia vizuri, bila kusita. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikiimba. Nikapiga mkanda wa majaribio, nikaandika daftarini umbali wa kila picha, nikampelekea mwenye studio mjini ausafishe. Pichani mke wangu alitoka kama moshi. Nyuma yake, fensi ya jirani ilionekana wazi hata ungeweza kuhesabu miti. Ng'ombe wa mwalimu mkuu alikuwa moshi. Kichuguu nyuma yake kilikuwa safi. Zote kumi na mbili zilikuwa hivyo.

Nikarudi kwa fundi.

"Wewe natikisika," akasema.

"Mzee, ningetikisika, hata fensi ingetikisika."

Akaiinua picha, akaitazama kwa muda mrefu. "Fensi iko mzuri sana."

Ilinibidi nitembee hadi barabarani na kurudi kabla ya kusema neno. Kisha tukaifungua pamoja. Macho yale mawili yalikuwa na meno pembeni, yameshikana kama magurudumu ya saa, ili ukizungusha moja na jingine lizunguke. Mzee alikuwa ameyatoa yote mawili ili akifikie kilango. Alipoyarudisha, la juu lilitangulia meno kadhaa. Tangu hapo jicho la kuonea lilisema hivi na jicho la kupiga likafanya vile.

"Meno ni meno," akasema, akalisogeza kwa kukisia.

Mkanda wa pili ulikuja na kosa lile lile kinyume chake: sasa kilichoonekana vizuri ni majani yaliyo mbele ya mtu. Safari hii mzee hakunilaumu. Aliomba wiki moja. Mimi nilibakiwa na siku tano.

Mke wangu alikuwa mshonaji. Jioni ile alikuwa anakata nguo barazani, na nilimweleza habari ya meno kwa mara ya tatu au ya nne.

"Baba watoto, jicho la chini lina kosa gani?"

"Halina. Lina namba za futi, na kijisumari kinacholizuia lisipite mwisho wake. Namba zake ni za kweli."

"Basi la juu la nini? Pima." Akanitupia futi yake ya cherehani, ule utepe wa kupimia nguo.

Mwalimu wa hesabu! Nilikasirika hata chakula kikanishinda.

Futi ile ilikuwa na urefu wa futi tano, kwa hiyo sokoni kila mtu ilibidi awe futi tano kutoka kwangu, au kumi. Nilianza na mama muuza samaki kutoka Lumino. Nilimshikisha ncha moja karibu na pua, nikarudi nyuma na kamera.

"We mwalimu! Unanipima sanda?"

Soko zima likageuka. Muuza ndizi akataka mikono mirefu na kola. Mchukuzi mmoja akasema kama ni jeneza, basi niache nafasi ya kofia. Waliokubali kusimama walichoka kungoja nikilinganisha namba, wakanikazia macho. Mama mmoja aliniuliza kwa ukali nguo yake itakuwa tayari lini, na nilipomwambia hakuna nguo, akanitukana kwa Kisamia, na jirani yake akanifasiria bila kuombwa. Picha kumi na mbili zilinichukua asubuhi nzima. Niliutuma mkanda kwa basi la siku ile ile.

Jibu lilifika baada ya wiki mbili.

"Picha zako ni safi kuliko za mwenzako," aliandika mhariri, "na kwa sababu hiyo nimekuchagua wewe. Utaanza mwezi ujao. Lakini nieleze: mbona watu wote wa Busia wamenuna? Ni dhahiri kuna mgogoro sokoni, na sisi hatujauandika. Niletee habari hiyo kamili, maneno mia nne, kabla ya Ijumaa."

Nilimsomea mke wangu. Alikuwa na pini mdomoni, ikabidi azitoe moja moja kwanza ndipo acheke.