Pumzi Kumi Mbele ya Mama

Nilizaliwa Kariakoo nikalelewa Gerezani, mwendo wa robo saa kwa miguu. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amezika watoto watatu, na kwetu aliyejaaliwa humpa mtoto mmoja dada yake asiyejaaliwa. Nilipoachishwa ziwa nikapelekwa. Majirani walimsifu mama: kutoa ni moyo, si utajiri. Sharti likawa moja, kwamba aliyenizaa asiniangalie usoni, nisije nikamlilia.

Sharti hilo mama alilishika kuliko sala. Nikiwa na miaka sita hivi nilifuatana na mama mkubwa sokoni, na tukimkuta mama penye mafungu ya mchicha, ndugu hao wawili waliulizana habari za nyumbani vizuri kabisa, mama macho yake yako kwenye mchicha. Nazunguka upande wa pili nimwone uso. Naye anageuka. Wauza mboga walidhani ni mchezo, wakacheka.

Mama mkubwa hakuninyima kitu, sitamsingizia. Lakini nilipojifungua binti yangu, ikawa kila akilia shingo yangu inageuka yenyewe. Nilimnyonyesha nikiangalia ukuta. Alipofika miezi minane akaanza kunishika kidevu anivute, nami sigeuki. Hapo niliogopa kwelikweli.

Muuguzi wa kliniki akanipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Nilikasirika, nani mwendawazimu? Daktari alikuwa mtu wa Sri Lanka, mfuasi wa Buddha, Kiswahili chake cha kujifunzia wodini. Kwanza alinifanya niseme yote, ya sokoni na ya ukutani, wiki baada ya wiki. Kisha akanifundisha kukaa kimya na kuhesabu pumzi. Uchungu ukija nisiufukuze, niuambie nimekuona. Halafu nimtakie heri yule mtoto wa miaka sita, na mwisho nimtakie heri mama.

Nikamwuliza kama nitakuwa nimetoka kwenye Uislamu.

"Kwani pumzi ni ya kwangu, ndugu?" akasema.

Mtoto wa miaka sita nilimtakia heri, nikalia mpaka kanga ikalowa. Kwa mama nilikwama. Daktari akaniambia niende, nikae mbele yake, nimwangalie kwa pumzi kumi tu. Nilikwenda nimembeba binti yangu, na tamaa yangu moja, aniangalie na aniite mwanangu, ili nami nijue namna ya kumwangalia wangu.

Nilimkuta amerudi kwenye foleni ya sukari ya duka la ushirika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, karibu mgeni!"

Akaazima kiti kwa jirani. Wadogo zangu, wale aliobaki nao, walikuwa chini mkekani wakinywa chai ya chumvi. Ya kwangu ikaja na sukari, vijiko vitatu, na kikombe cha kabatini. Nilitamani anifokee niende bombani nikachote maji kama mtu wa mle ndani.

Nikaanza kuhesabu. Pumzi ya kwanza alikuwa anapanga kanga yake. Ya tatu akatazama mlango. Ya tano akaniuliza, macho yake yako kwenye sinia, "Una homa?"

"Mama, niangalie. Nilikuwa nakutafuta uso pale sokoni."

Wadogo zangu wakaacha kunywa. Nikadhani ndiyo yanakuja sasa, nikasahau hesabu.

"Nilikutoa kwa heri, sikukutupa," akasema polepole. "Siku za mwanzo niliumia. Dada akaniambia nivumilie, kutapoa. Kukapoa. Sasa unataka nikufanyie nini?"

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningepata pa kushika. Alikuwa ananieleza ukweli tu, kisha akanihimiza nimalize chai. Nikainywa yote, tamu ya kuchefua, nikimchukia na kumwonea huruma kwa wakati mmoja. Daktari alikuwa amenifundisha mengi, ila hakunifundisha la kumfanyia mtu ambaye kidonda chake kimeshapona.

Akanisindikiza mpaka barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima.

"Haya, msalimie mama yako," akaniambia.

Nikamjibu, "Zitafika."

Binti yangu, niliyekuwa nimembeba, alianza kulia tulipofika Gerezani. Nikaangalia mbele, reli na karakana, mpaka nyumbani.