Siku Nilipowapigia Wakwe Mabomu

Ndiyo, ni mimi. Yule mzee kwenye video, aliyejifunga shuka jeupe begani, anayepiga ngoma hewani kwa fimbo huku ukoo mzima umelala kifudifudi kwenye nyasi, ni mimi, na kama na wewe uliituma kwa mtu basi usinisalimie tena, sitanii. Nimechoka! Pale mpakani ninapofanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani, kila asubuhi nikipeleka makaratasi dirishani lazima mpumbavu mmoja agonge meza kwa vidole, ta-ta-ta-dum, na wenzake wacheke mpaka washike mbavu. Mama wauza samaki wananiita Papa Solange Mabomu. Mtu wa umri wangu! Basi leo nasimulia mwenyewe, mara moja tu, na kwa hasira, halafu mtu asiniulize tena.

Kuna bendi moja ya wazungu ninayoipenda tangu niko kijana kule Kigoma, tulikokuwa tunaishi kabla ya kurudi Rwanda. (Jina silitaji, maana nikilitaja mtaniuliza "hao ni kina nani?" na swali hilo nimelijibu maisha yangu yote.) Ni roki, lakini si ile ya kurukaruka, ni ile wanayoiita progresivu, yaani wimbo mmoja unaweza kula upande mzima wa kaseti, unaanza taratibu, unageuka, unanyamaza kabisa mpaka unadhani redio imeharibika, halafu unarudi na mwendo mwingine ambao ukijaribu kuupigia makofi utajikuta unapiga peke yako. Shemeji yangu Deo, kaka wa mke wangu, mtu wa Goma asiyejua kitu zaidi ya rumba, husema hivi: "Bofrere, hii muziki haina kiuno." Anasema hivyo miaka yote, kila Noeli, na kila mara watu wanacheka, na mimi kila mara nakasirika upya.

Sasa, wimbo wao mkubwa, ninaoupenda kuliko yote, una dakika ishirini na kitu. Mwanzoni ni gitaa peke yake, tamu, unaweza kudhani ni mzee wa kijijini anapiga inanga. Baadaye sana kuna helikopta inayotoka mbali, kimya kidogo, mabomu, halafu ngoma zinaingia. Hizo ngoma jamani! Nimeusikiliza mara nyingi mno kiasi kwamba yale mabomu kwangu mimi si mabomu, ni mlango tu wa kuingilia ngoma. Mnaponihukumu mlikumbuke hilo.

Binti yangu wa kwanza, Solange, alipata mchumba, Fabrice, kijana wa Musanze, mpole, ana kazi yake. Tatizo lilikuwa mama yake. Mama yule hakutaka mwanawe aoe Gisenyi. Alisema huku kwetu ni volkano na vita tu, na tangu yale mabomu ya vita vya Goma, ng'ambo ya mpaka, yaanguke mpaka upande wetu, ndiyo akawa na la kusema. Siku ya gusaba, yaani siku ya wakwe kuja rasmi kumwomba binti na kuondoka naye jioni, aliiahirisha mara mbili. Solange alikonda. Siku moja akaniambia, "Papa, mi nakuomba kitu moja tu. Hiyo siku iende muzuri. Yule mama asipate sababu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi! Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Solange alikuwa ameshachagua wimbo wa kuingilia, ule ule ambao kila bibi harusi wa mji huu anaingia nao, na asubuhi viti vinapangwa mimi nikamwendea fundi wa muziki nikampa flash yangu, nikamwambia toa ule, weka huu. Nilitaka kumfanyia mwanangu zawadi. Amekua na wimbo huo sebuleni kwangu, kila Jumapili, nikasema moyoni, ataingia kwa wimbo wa nyumbani kwao, si wimbo wa kila mtu. Na nilipanga vizuri (mnadhani sina akili?), nikamwambia fundi, nikiinua fimbo yangu, shusha sauti, zima. Binti atakuwa ameshakaa. Helikopta haitafika.

Bon. Wakwe wakafika kwenye bustani tulikoandaa sherehe, karibu na ziwa, maturubai mawili yanatazamana, wao kule, sisi huku, na wasemaji wa pande mbili wakaanza kurushiana maneno ya utani kama ilivyo desturi, huyu anasema binti hatuna, yule anasema tumemwona dirishani, watu wanacheka, na mama yake Fabrice naye akacheka. Nilimwona kwa macho yangu. Akacheka, akaweka mkono kifuani. Nikasema tumeshinda.

Binti akaitwa. Solange akatokea mlangoni na wasichana wenzake, vikapu mikononi, na wimbo ukaanza. Ila unaanza chini sana, ni wa namna hiyo, wenyewe waliutengeneza hivyo, na fundi alikuwa amekimbilia nyuma kutia mafuta kwenye jenereta. Nani yuko karibu na mashine? Deo.

"Bofrere!" akapiga kelele mbele ya wakwe. "Sono imekufa! Hatusikie kitu!"

Nikampungia mkono, acha, acha hivyo hivyo. Yeye akaelewa ongeza. Akazungusha vitufe vyote mpaka mwisho, na akavizungusha kwa fujo, mtu ambaye hata redio ya nyumbani kwake huwashiwa na mkewe! Deo, najua utasikia habari hii, na nasema tena: nani alikutuma?

Gitaa likapanda, na sitawadanganya, lilikuwa zuri. Watu walitikisa vichwa. Solange aliinua uso akanitazama, nikadhani anafurahi. Akaanza kutembea kama bibi harusi anavyotakiwa, yaani polepole mpaka unachoka, akasimama kumkumbatia bibi yake, akasimama kwa shangazi, na mimi nilijua kabisa muda unakwenda na fimbo ilikuwa mkononi.

Lakini nyumbani kwangu spika ya kushoto ilikufa zamani. Sasa pale kulikuwa na spika mbili kubwa kama makabati, na helikopta ilipoanza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliisikia ikitoka kushoto, ikapita juu ya kichwa changu, ikaenda kulia. Miaka yote ile sikujua kwamba inapita! Nikasahau fimbo ni ya kazi gani. Nikasahau na harusi.

Halafu mabomu.

Watu wa mji huu hawaulizi. Hakuna aliyesema "hiyo ni nini?" Viti vilianguka vyote pamoja, wasemaji wawili waliokuwa wanataniana waliingia chini ya meza moja, mtungi wa pombe ya mtama ukamwagika, vikapu vikaruka, bibi wa watu akalazwa chini na wajukuu, Deo akapotelea kwenye ua wa miti. Mama yake Fabrice alikimbia kuelekea barabarani, viatu mkononi, analia, "Yebabawe! Nilisema! Nilisema!" Na Fabrice, ambaye kwa desturi alikuwa hajapewa hata ruhusa ya kumshika mkono, aliruka meza, akamvuta Solange chini, akamfunika kwa mwili wake.

Na baba wa binti je? Mmeona. Ngoma zimeingia, shuka limeteremka mpaka kiunoni, macho nimefumba, kichwa kinatikisika, na fimbo inapiga hewani bila kukosa pigo hata moja. Na yule mpiga video mjinga, aliyelala chini kwa tumbo kama wenzake, kamera aliinyanyua juu! Unaogopa kufa lakini unarekodi?

Fundi akaja mbio akachomoa waya. Kimya. Nikafumbua macho, na bustani nzima ilikuwa inanitazama kutoka chini.

"Ni wimbo," nikasema. "Ni wimbo tu."

Mtoto mmoja alianza kulia.

Mama yake Fabrice alikuwa ameshaingia garini, amefunga milango, anamwambia dereva washa. Nilitaka kwenda, mke wangu akanishika shati. "We bakia hapo hapo. Umefanya ya kutosha." Nikaenda hivyo hivyo, nimeshikilia shuka langu kwa mkono, nikasimama dirishani nikamwomba radhi. Alishusha kioo kidogo.

"Mzee, sisi tumelala chini na wewe unacheza?"

"Mama, mimi sikuyasikia kama mabomu. Nimeyazoea."

"Mtu anazoeaje?" akasema, akapandisha kioo.

Angeondoka, wallahi angeondoka. Aliyemrudisha ni mwanawe. Fabrice alitumiwa watu wa kumwita akakataa kuja, alikuwa amekaa kwenye nyasi na Solange, suti imejaa tope, akawaambia, "Mama akienda, aende. Mimi nabaki." Ikachukua muda mrefu, lakini mama akashuka garini. Viti vikainuliwa. Msemaji wao akasimama, bado ana jani kwenye nywele, akasema wataendelea kwa sharti kwamba baba wa binti akae mbali na muziki na asalimishe fimbo. Watu wakacheka kwa nguvu, kama watu waliotoka kuogopa wanavyocheka. Nikapeleka fimbo yangu mwenyewe, mbele ya wote, nikarudi kukaa.

Solange hakucheka. Jioni walipokuwa wanaaga nilimvuta pembeni, na badala ya kuomba msamaha, mimi nikamfokea! Nikamwambia wengine nawaelewa, lakini wewe unaujua ule wimbo tangu mtoto, wewe ulilala chini kwa nini?

Akanitazama. "Papa, hapo kwenye mabomu mi siku zote naogopaka. Tangu niko mutoto. Ikikaribia, nilikuwa natoka, naenda jikoni kwa mama, naziba masikio mpaka inaisha, halafu narudi kukaa. We ulikuwa unafungaka macho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana."

Akaingia garini kwa mumewe.

Nimemkasirikia Deo, nimemkasirikia mpiga video, nimeikasirikia hata bendi yenyewe, nani aliwaambia watie mabomu kwenye muziki? Lakini usiku nikilala ninayemkasirikia ni yule mzee aliyefumba macho kila Jumapili miaka yote ile, mtoto anatoka, mtoto anarudi, yeye hana habari. Nimeapa sitampigia tena mtu wimbo wowote kabla sijamwuliza kwanza anauonaje, hata awe mwanangu wa kuzaa.

Jumapili iliyopita walikuja kula sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mimi niko na wimbo wangu (nimewauliza kwanza, wote wakasema weka), sauti ya chini, na mara hii macho nimeyafumbua. Gitaa likaisha. Helikopta ilipoanza kusikika nilimwona Solange anasukuma kiti nyuma, pole pole, bila kelele, kama mtu aliyezoea. Nikanyoosha mkono nikazima.

Akabaki ameshikilia kiti. Halafu akakaa.

"Papa, mbona umezima?" Fabrice akauliza. "Si bado inaendelea?"

Nikamwambia ale sambaza zake, aache maswali.