Mpira Aliourusha Stanek

Virgil Stanek, fundi bomba wa Omaha, alicheza besiboli ligi kuu msimu mmoja tu. Watu walimkumbuka kwa mpira mmoja aliomrushia Roscoe Tillery, mpigaji wa timu pinzani, naye Tillery akaupiga kwa gongo ukatokomea nje ya uwanja, timu ya Tillery ikatwaa ubingwa. Tangu hapo, kila nyumba alikoitwa kuzibua sinki alitaniwa.

Tillery alipofariki, Virgil alivaa suti.

"Baba, watakucheka," binti yake alimwonya.

"Wamenicheka miaka yote hii. Mbona sijafa?"

Kwenye lango la uwanja uleule, waombolezaji walipokusanyika kumuaga Tillery, mtu mmoja alipaza sauti, "Jamani, mpisheni! Ndiye aliyemtengenezea marehemu jina!" Kicheko kikavuma. Virgil hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, Odessa.

"Pole, mama. Mimi ndiye..."

"Nakujua, shemeji. Nenda kaseme neno."

Akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti. "Mnadhani siku ile nilikosea," alisema. "Sikukosea. Nilimrushia mpira wangu mzuri kuliko yote, akaupiga. Angekuwa hai, kesho ningemrushia uleule."

Aliposhuka, Odessa aliondoa mkoba wake kitini, akamketisha kati ya wanawe.