Siku Mama Alipomnyamazia Mshenga

Harufu ya matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikakauka kau, hadi leo hunifanya nimtazame mtu mara mbili. Kwetu Didia, Mama alikuwa nayo daima kwenye ungo, na watu walidhani anapenda kula. Wapi! Yalikuwa silaha yake. Alimuuliza mgeni swali moja, akatia pande mdomoni, akaanza kutafuna. Matobolwa makavu hayamezwi haraka, na hakuna mwenye adabu anayemharakisha mama mtu mzima akiwa na chakula mdomoni. Basi mgeni aliachiwa ukimya, akaujaza kwa lolote lililomjia. Nami nilikua hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka tisa tu, lakini hata shikamoo ya mtu niliichunguza.

Mwaka huo, baada ya mavuno, dada yangu Milembe aliposwa na Masanja, kijana aliyechimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kule Bulyanhulu. Mshenga alikuwa baba mdogo wa Masanja. Alifika kwa pikipiki, koti jipya, vumbi mpaka kwenye nyusi, na alianza kucheka hata kabla hajakaa. Nikamchukia hapo hapo. Milembe alikuwa jikoni anasonga ugali, roho juu, maana alimpenda yule kijana hadi basi, na bila kauli ya Mama hakuna ndoa.

"Kijana wetu anaishi na nani huko?" Mama akauliza, kisha akatafuna.

"Peke yake, Mama Milembe. Ana chumba chake." Mama akatafuna. "Pazuri, majirani wazuri." Mama akatafuna. "Anajipikia mwenyewe... siku hizi." Mama akachukua pande la pili. Mshenga akapangusa jasho. "Na yule mwanamke ameshaondoka, mama, nakuapia! Mtoto yuko kwa bibi yake."

Mama akameza. "Karibu ugali," akasema, na posa ikafia hapo. Milembe aliandaa chakula bila neno wala chozi, nasi tukaona ameridhika. Mimi nilivimba kichwa kwa kuwa na mama kama yule.

Leo naishi Shinyanga mjini, na Mama hatunaye. Namnyamazia fundi, namnyamazia mwenye duka, namnyamazia hata mume wangu, na wote hujisema wenyewe. Juzi Milembe, ambaye hakuwahi kuolewa, alikuja kunitembelea. Nikamsifu Mama kwa kumwokoa. Hakujibu. Kwa mazoea yangu mabaya, nami nikanyamaza, nikamsubiri.

"Habari za yule mwanamke nilizijua," akasema mwishowe. "Masanja aliniambia mwenyewe, mapema kabisa. Yule mtoto nilikuwa nimeshamshonea gauni."

Miaka yote ile tulilala kitanda kimoja, mimi ninayejidai kuwasoma watu! "Sasa dada, mbona hukusema?"

Milembe alinitazama bila hasira.

"Nani aliniuliza?"