Mbung'o Amelazwa kwenye Pamba, Elinaza Bado Hajabatizwa

Jua la saa nne linachoma pori la magharibi ya Mlima Meru. Elirehema Sumari anatembea nyuma ya ng'ombe mwekundu, wavu mkononi, macho hayabanduki mgongoni pa mnyama. Mbung'o akitua tu, kwisha habari yake. Elirehema ameajiriwa na serikali kuwakamata na kuwatenga: madume chupa hii, majike chupa ile.

Leo hataki mzaha. Ana hasira tangu wiki iliyopita, na anayemwuliza anaambiwa bila kufichwa.

Wiki hiyo alikamata mbung'o wa ajabu, mwenye maumbile ya dume na ya jike pamoja. Mzungu wa idara, ambaye vibarua humwita Bwana Mbung'o, nusura acheze ngoma. Alimlaza nzi yule kwenye pamba, akamtia kisandukuni apelekwe Ulaya, kisha akampa Elirehema mkono wa pongezi.

"Nilimwonea nzi wivu," anasema Elirehema. "Nina mtoto aliyezaliwa hivyo hivyo. Yeye nani alimlaza kwenye pamba?"

Mtoto mwenyewe ni Elinaza, sasa ana miaka saba. Alipozaliwa, mkunga alimfunika upesi asionekane. Akutukanaye hakuchagulii tusi: majirani wakasema mkosi, wengine laana. Mzee wa kanisa, Anaeli, akaagiza ubatizo usubiri mpaka ijulikane kama ni wa kiume au wa kike. Umesubiri hadi leo, na shule ya misheni haipokei mtoto asiyebatizwa. Wenzake wanasoma, Elinaza anachunga mbuzi.

"Anaomba kabla ya kula, baba yake akisahau anamkumbusha," anasema mama yake, Penina, akimenya ndizi. "Wanasubiri nini tena?"

Aibu ipo hapa, na si ya Elinaza. Ni ya watu wazima wanaoimba kila Jumapili, kisha wanamfungia mtoto mlango.

Jioni ya siku ile ya pongezi, Elirehema alimshika Elinaza mkono, wakaenda kwa Anaeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta jibu?"

"Nimeleta mtoto."

Anaeli alisema atalifikisha jambo hilo kwa wazee wenzake. Elirehema ameyasikia hayo miaka saba, hangoji tena.

"Jumapili hii nitampeleka mpaka mbele, watu wote wakiona," anasema. "Wakiuliza ni wa kiume au wa kike, nitawaambia ni Elinaza. Halafu nitasimama pale pale mpaka wamtie maji."