Babu Hakufunguliwa Mlango

Saa kumi na mbili asubuhi, mabati bado yanadondosha umande, na Mama Pole yumo ndani ya lori akimwaga mchanga. Anausambaza kwa viganja, pembe hadi pembe, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Sakafu ikiteleza, mbuzi anaanza safari na hofu," anasema. "Na mmoja akiogopa, wote wameogopa. Hofu yao ni kama kikohozi cha chumba kimoja."

Ni mjane mwenye goti bovu. Katika zizi hili la kupakilia mifugo, kazi yake ni kuwaandaa kondoo na mbuzi wanaopelekwa machinjioni. Huwanywesha maji, huwatenga wenye pembe na kondoo, tena huangalia wasibanane wala wasiachiwe nafasi ya kuangushana. Hulipwa kwa kila lori linalopakiwa. Wiki isiyo na lori, sufuria hupumzika.

Wapakiaji ndio waliompa jina la Mama Pole, maana kutwa anawaambia, "Pole pole, wanangu."

Leo mikono inafanya kazi, lakini jicho liko kwenye ngazi ya mbao inayopanda hadi mlango wa lori. Chini ya ngazi amefungwa mbuzi dume mdogo mweupe, aliyehasiwa, aitwaye Mjukuu. Ndiye atakayetangulia ili wenzake wamfuate bila fimbo. Akishindwa, bosi ameshasema: fimbo zitarudi, na Mama Pole aende akapumzike kwake.

Kwa miaka tisa kazi hiyo ilikuwa ya Babu.

Babu alikuwa mbuzi mkubwa wa kijivu, aliyelelewa na Mama Pole kwa chupa baada ya mama yake kufa zizini. Alipanda ngazi taratibu, wengine nyuma yake kama watoto wa shule. Wakishaingia wote, alikwenda kusimama kwenye mlango mdogo wa ubavuni mwa lori. Akifunguliwa, alishuka, akapewa mahindi yake.

Siku moja mvua kubwa ilikuja wakati wa kupakia. Mama Pole alikuwa amelazwa kwa ajili ya goti. Wapakiaji walikuwa wageni na wenye haraka. Walifunga lango la nyuma, lori likaondoka. Hakuna aliyekumbuka mlango wa ubavuni.

"Nilipopata habari nilimpigia dereva simu," anasema. "Akaniambia, 'Mama, huku wameshamaliza kuchinja. Mimi ningemjuaje kati ya mbuzi wote wale?'"

Anafuta mikono kwenye kanga.

"Mimi nawaza kitu kimoja tu. Najua alisimama pale mlangoni njia nzima, akingoja afunguliwe. Yeye alijua ni mlango wake."

Tangu siku hiyo ngazi imekuwa mahali pa kelele. Safari iliyopita kondoo wanne walifika wamekufa, wamelaliwa na wenzao.

Saa mbili bosi anafika, anasimama kando na mikono mifukoni. Mjukuu anafunguliwa kamba. Anapanda hatua chache, anaganda.

"Mama Pole!" mpakiaji mmoja anacheka. "Huyo anaogopa ngazi kuliko mkwe anavyoogopa chumba cha mama mkwe!"

"Wewe mwenyewe siku ya kwanza ulilia, nani alikuchapa?"

Wanaangua kicheko. Lakini mwingine ameshaokota fimbo.

"Mama, si wanakwenda kufa tu? Mbona unawabembeleza?"

"Mwanangu, kwani mimi na wewe tunakwenda wapi?" anamjibu polepole. "Ndiyo tupigwe njiani?"

Fimbo inawekwa chini. Mama Pole anapanda ngazi mwenyewe, goti likilia, akimwita Mjukuu kwa sauti ya chini huku akimwonyesha kiganja chenye mahindi. Mjukuu ananusa. Anapiga hatua. Kondoo wa kwanza anamfuata, kisha wa pili, kisha wote, kwato zikigonga mbao kama mvua nyepesi.

Lori likijaa, Mjukuu hajui pa kutokea. Mama Pole anajipenyeza katikati ya wanyama, anambeba kifuani na kushuka naye kwa mlango wa ubavuni. Anahema. Machozi yanamtoka bila sauti.

"Haya," bosi anasema. "Endelea naye."

"Ahsante, baba. Ila nataka kizuizi kidogo juu ya ngazi, mtangulizi aishie hapo. Asiingie tena ndani ya lori."

"Mbao sina, Mama."

Jioni, nyumbani kwake, Mama Pole amekwisha kushusha vyombo vyote sakafuni. Ameshika nyundo, anabandua rafu za mbao za kabati moja baada ya nyingine.

"Sahani zitakaa kwenye beseni," anasema, akinyoosha msumari uliopinda. "Seremala anakuja kesho, na lori linapakia keshokutwa."